Mkalimani wa Kichuguuni

Vijana wangu mnaoshuka uwanja wa ndege wa Baiyun na simu inayotafsiri kila kitu, ngojeni kidogo kabla hamjanicheka. Najua kazi yangu mnaiita ya zamani. Mnamnyooshea muuzaji simu, simu inaongea Kichina, muuzaji anajibu, simu inawaletea Kiswahili cha ajabu ajabu, mnacheka, mnanunua, mnaondoka. Juzi pale soko la nguo la Zhanqian nilimwona binti mmoja wa Arusha akiuliza kwa simu kama gauni lina bitana. Sijui simu ilisema nini, ila muuzaji alijibu kwamba gauni halijaolewa. Wakaelewana hivyo hivyo, na binti akachukua mawili.

Mimi nilikuwa mkalimani katika mji huu wa Guangzhou miaka ishirini na miwili, hadi mwaka jana magoti yalipogoma nikastaafu. Jina langu ni Atupele, lakini wafanyabiashara wote wa nyumbani, awe mtu wa Tukuyu nilikozaliwa au wa Unguja, wananiita Mama Atu. Miaka ya mwanzo niliifanya sokoni, kwenye viatu na nguo. Miaka iliyobaki niliifanya mahali ambapo hamwezi kubahatisha hata mkipewa wiki nzima, kwenye uwanja wa besiboli. Ndiyo, mama wa Kinyakyusa na kitenge chake, amesimama katikati ya uwanja mbele ya watu, anatafsiri. Nikikumbuka, hata leo moyo unanienda mbio kwa furaha.

Kwa wasioujua mchezo huu nitawapa ufupi tu. Kuna mrushaji, anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mimi nilikiita kichuguu tangu siku ya kwanza, na jina likabaki. Mbele yake yupo mpigaji mwenye rungu, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa. Mrushaji anataka mpira umpite mpigaji uingie kwenye glavu. Mpigaji anataka kuutandika uvuke ukuta, na akiukosa mara tatu ametolewa. Sasa, mrushaji akirusha mipira minne mibovu, iliyo nje ya eneo, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu bila jasho. Shikeni hilo la mwisho, maana ndilo lililoniponza.

Kijana aliyenipeleka huko aliitwa Sudi, mtoto wa Temeke, miaka ishirini, mkimya, na mikono mirefu hadi mashati yote ya soko la Zhanxi yalimwishia kwenye viwiko. Shuleni kwao alikuwapo mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyewafundisha besiboli kwenye uwanja wa vumbi. Wenzake waliuacha mchezo mwalimu alipoondoka. Yeye akabaki anarusha mpira ukutani kila jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka majirani wakaacha kumuuliza anatafuta nini. Kisha mjomba wake, Mjomba Kassim, mnunuzi wa vioo vya simu, akamleta Guangzhou amsaidie kubeba mizigo.

Karibu na nyumba waliyopanga kulikuwa na uwanja wa timu moja ya kulipwa. Sudi akawaona kupitia wavu wa uzio, akasimama pale siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaomba kwa ishara za mikono arushe mpira mmoja. Wakampa, kwa kumtania. Akarusha, na utani ukaishia hapo hapo. Kocha alileta kile kifaa cha kupima kasi, akamwambia arushe tena, na tena, na jioni ile ile Mjomba Kassim akanipigia simu akihema. Alisema mtoto amepata majaribio ya wiki tatu na hakuna hata mmoja pale anayeelewana naye, na mkalimani anayemjua yeye ni mimi peke yangu. Nikamwambia mimi najua viatu. Akasema basi nikajue na mpira.

Hali ilikuwa hivi, na naomba mwielewe vizuri. Timu ilikuwa na nafasi moja tu ya mchezaji wa kigeni. Kulikuwa na Mkorea mmoja, naye kijana, naye anaitaka. Sudi akiipata, ni mkataba, kibali cha kuishi, na kazi ya kurusha mpira aliyoiota tangu utotoni. Akiikosa, anarudi Temeke, ambako hakuna timu hata moja inayomlipa mtu kwa kurusha mpira. Hakukuwa na njia ya katikati, na yeye alilijua hilo kuliko sote.

Siku yangu ya kwanza nilimwita kocha laoban, yaani bosi, kama nilivyozoea kumwita kila mtu mwenye duka. Kocha Liang akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. Akasema yeye hauzi viatu, yeye ni jiaolian, kocha, na hapa uwanjani hakuna mtu atakayepunguziwa bei. Alikuwa mzee mwembamba, mrushaji mstaafu, na kiwiko chake cha kulia kilikuwa hakinyooki tena. Nilimwogopa wiki nzima.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na nawapa mkalitumie. Mkalimani mzuri akitafsiri hasemi "kocha anasema". Anasema "mimi", kama ndiye yeye. Sasa siku ya pili Sudi alikuwa anarusha huku amepinda kiuno vibaya, kocha akafoka, nami nikatafsiri kwa ukali ule ule: mgongo wangu unauma nikikuangalia. Sudi akaacha kurusha, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole sana Mama. Ukae basi kivulini." Kocha akauliza kijana amejibu nini. Ilinibidi nimweleze, na ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake.

La pili lilikuwa la Sudi. Baada ya mazoezi alipitia Zhanqian kumsaidia mjomba, akabeba belo la nguo begani. Sisi tuliokulia sokoni tungemsifu. Kesho yake kocha akaona alama ya kamba kwenye bega la kulia, akamkalisha chini, akavua shati lake mwenyewe na kumwonyesha kile kiwiko. Nilitafsiri robo saa bila kupumzika. Alimwambia kwamba mrushaji kijana huwa anadhani kazi yake ni kurusha kwa nguvu, kumbe kazi ni kuufikisha huo mkono mpaka miaka thelathini na tano ukiwa bado unapinda na kunyooka. Barafu kila baada ya mazoezi. Mirusho ihesabiwe. Mwaka wa kwanza utakaa benchi uingizwe zamu moja moja, wa pili utaingizwa mbili tatu, wa tatu labda ndipo utaanza mechi. Tangu hapo nimewatafsiria warushaji wengi wageni, na walioharakisha hiyo njia wote waliishia na mkono umefungwa bendeji shingoni.

Tangu siku ile Sudi alibebewa hata begi lake. Mjomba Kassim alilalamika kwamba ameleta mpagazi akapata bwana harusi.

Basi ikafika Jumamosi ya wiki ya pili, mechi ya kirafiki na timu ya kaskazini. Saa nne asubuhi, jua kali, Sudi ameitwa kichuguuni zamu ya mwisho. Timu yetu inaongoza kwa pointi moja. Vijana, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Mpigaji wa kwanza akapunga hewa mara tatu akaondoka. Wa pili akapata kituo, wa tatu naye akapata, wa nne akatolewa. Amebaki mmoja tu kutolewa tushinde, na wapinzani wawili wako kituo cha pili na cha tatu wanatamani kukimbia nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, wachukue pointi. Akaja jitu moja limejaa, shingo hakuna, rungu mkononi linaonekana kijiti.

Kocha akainuka kwenda kichuguuni. Mimi nyuma yake nakimbia, kitenge nimekishika. Mwamuzi tayari anatuonyesha saa. Kocha akasema maneno mafupi sana: "Baosong, mei guanxi."

Mei guanxi mnaijua wote, hakuna shida. Na baosong niliijua mimi kuliko mtu yeyote uwanjani pale, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilifundishwa na Bibi Chen, mwenye duka la viatu Zhanxi, mwalimu wangu wa Kichina tangu sijui hata kuhesabu. Ukinunua katoni nyingi unamuuliza, baosong? Maana yake, unanifikishia mzigo mpaka mlangoni kwenye ghala la kago? Nimeyasema hayo mara elfu moja. Kwa hiyo nilimgeukia Sudi, nikamwambia, "Mfikishie mpaka mlangoni, hakuna shida."

Sudi akashtuka. "Mlangoni kabisa, Mama?"

"Ndivyo alivyosema."

Angalieni hapo. Aliniuliza. Kocha alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ningeweza kumvuta shati. Lakini mwamuzi alikuwa anapiga makofi tuharakishe, na mimi nilikuwa mkalimani hodari wa Zhanxi, sikuona cha kuuliza.

Tukarudi. Mdakaji wetu, kijana wa hapa hapa Guangzhou tuliyemwita A-Wei, akachuchumaa na kuweka glavu pembeni kabisa, mbali na mpigaji. Sudi akaiona ile glavu, akaona inapingana na amri ya kocha, akachagua amri ya kocha. Akaurusha mpira katikati, palepale, umenyooka. Lile jitu halikuamini bahati yake. Sauti ya rungu niliisikia kwenye meno, na mpira ukavuka ukuta, ukavuka na miti, mechi ikaisha pale pale, tumeshindwa.

Kocha hakufoka. Ningependa angefoka. Alimnyang'anya Sudi glavu, akaniambia nimwambie kwamba mkono mzito anaweza kuufundisha, sikio zito hawezi. Jumatatu atatoa uamuzi, na Jumamosi ijayo atamchezesha Mkorea. Nikatafsiri. Sudi akainamisha kichwa, hakujitetea hata kwa neno moja. Baadaye alinieleza kwamba alidhani ni mtihani, kwamba kocha alitaka kuona kama angeweza kulishinda lile jitu uso kwa uso, naye ameshindwa. Mimi nilidhani kocha ametoa amri ya kijinga kisha anamtupia mtoto lawama. Nilimchukia sana usiku kucha.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Zhanxi kumwaga hasira zangu kwa Bibi Chen. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake katikati ya maboksi, anakunywa chai kwenye chupa ya kioo, mikokoteni inampita sentimita mbili kutoka magotini wala hashtuki. Nikamsimulia yote. Nikamwambia kocha amesema baosong, kijana akafanya baosong, sasa anafukuzwa kwa kufanya baosong.

Bibi Chen akaweka chupa chini. Akaniuliza kocha alilitamka vipi. Nikalisema tena, nikijitahidi kukumbuka sauti. Akaniambia nirudie. Kisha akasema polepole, "A-Tu, hilo silo nililokufundisha. La kwangu sauti inakwenda juu imenyooka. Hilo linazama kwanza. Kuna baosong mbili."

Nikamuuliza ya pili ni ipi. Akasema mjukuu wake wa kike alipata baosong ya chuo kikuu, alikuwa na alama nzuri mno hata akapitishwa moja kwa moja. Wenzake walifanya mtihani, yeye hakufanya, alipewa njia.

Kupewa njia bila mtihani. Vijana wangu, nikakaa kwenye boksi la viatu likabonyea. Nilimwona mpigaji anatembea taratibu kwenda kituo cha kwanza, bure, bila jasho. Kocha alikuwa amesema akipata kituo cha bure si neno, usimpe mpira wa kupiga. Na mimi nikampelekea mzigo mpaka mlangoni.

Sasa nitawaambia ukweli wangu, kwa kuwa nimestaafu na hamwezi kunifukuza. Wazo langu la kwanza halikuwa Sudi. Wazo langu la kwanza lilikuwa, nani amejua? Hakuna. Kocha anaamini kijana ni mkaidi, kijana anaamini ameshindwa mtihani, na anayejua ni mimi na Bibi Chen tu, naye Bibi Chen haongei na wachezaji. Nikifungua mdomo, kufika Jumanne soko zima linajua Mama Atu anatafsiri ovyo. Mkalimani anauza kuaminiwa tu, hana bidhaa nyingine. Nilikaa kwenye lile boksi nikaona aibu ya kosa, kisha nikaona aibu ya lile wazo, na ya pili ilikuwa kali zaidi. Bibi Chen hakunishauri chochote. Alinisimamisha tu, akasema nimemharibia jozi mbili.

Nikapanda metro moja kwa moja hadi kwa Sudi. Nilimkuta anakunja nguo, begi wazi kitandani, Mjomba Kassim pembeni anajifanya anahesabu vioo vya simu. Nikasema bila kuzunguka kwamba kocha alisema neno lingine, nami nikalitafsiri vibaya, na kosa lote ni langu.

Sudi akaliweka chini shati alilokuwa anakunja. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi nilitii?"

"Ulitii, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akainuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Nilijua analia na nilijua ana hasira, na vyote viwili vilikuwa haki yake. Alipogeuka akasema jana ile alijidharau kuliko alivyowahi kujidharau maishani, na kwamba hawezi kunisamehe leo, labda kesho. Nikasema kesho inatosha. Mjomba Kassim akachukua zile nguo akaanza kuzirudisha kabatini, moja moja.

Kocha Liang nilimkuta uwanjani anamwagilia kichuguu kwa bomba. Nikamweleza, nikamtamkia baosong zote mbili. Alizima bomba. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikumwuliza. Nikasema nilidhani najua. Akatikisa kichwa kwa muda, akatazama kile kiwiko chake, akasema naye alimficha daktari maumivu msimu mzima kwa sababu alidhani anajua. Kisha akatoa hukumu. Jumamosi Sudi atarusha, atagawana mechi na Mkorea. Lakini mimi sitakanyaga uwanjani siku hiyo. Kama kijana anataka kazi katika timu hii, asikie mwenyewe.

Zilikuwa siku tano. Sijawahi kufanya kazi kwa raha vile maishani mwangu. A-Wei tulimvuta akubali kutusaidia, tukakaa kwenye mgahawa wa tambi kila mchana, tukamfundisha Sudi maneno thelathini ya uwanjani, moja moja, kwa sauti sahihi. Juu, nje, polepole, pumzika, umechoka, unaumwa. Kila neno nililodhani nalijua nilimwuliza A-Wei kwanza, na kati ya thelathini, manne nilikuwa sina habari nayo. Siku moja A-Wei akamwonyesha namba sita kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, kama wanavyohesabu hapa. Sudi akatoa simu akampa, akidhani anaomba kupiga. Tulicheka hadi mwenye mgahawa akaja kuuliza kama chakula kina tatizo. Siku ya tatu Sudi alinimiminia chai bila kuombwa. Nikajua nimesamehewa, nikainywa ya moto hivyo hivyo.

Jumamosi, mechi ya marudiano na timu ile ile ya kaskazini, nilikaa jukwaani na Mjomba Kassim, tumeshikana mikono kama wagonjwa. Mkorea alirusha vizuri, lazima niseme. Sudi akaingia zamu ya sita. Mjomba akawa anauliza kila dakika sasa hawa wanangoja nini, mbona mchezo una vikao vingi kuliko harusi. Nikamwambia anyamaze. Zamu ya saba safi. Ya nane safi. Ya tisa, ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, wawili wametolewa, wapinzani wawili wako kituo cha pili na cha tatu. Na anayekuja na rungu ni lile lile jitu la shingo hakuna.

Kocha akainuka. Akatembea kwenda kichuguuni peke yake, na miguu yangu ilitaka kumfuata, nikaishika kwa mikono. Nilimwona anasema kitu kifupi. Nilimwona Sudi anamsikiliza, anamtazama, kisha anatikisa kichwa. Anakataa. Nikamwambia Mjomba Kassim tumekwisha, mtoto anamkatalia kocha. Kocha akabaki amesimama, mikono kiunoni, muda ambao kwangu ulikuwa mwaka. Akageuka, akarudi benchi, akakaa.

A-Wei akaweka glavu. Chini, kona ya nje. Sudi akavuta pumzi, akarusha, jitu likapunga, likakosa. Mpira wa pili likaugusa ukaruka jukwaani nyuma yetu. Wa tatu nje, likauacha. Wa nne nje, likauacha. Wa tano ulitoka mkononi mwa Sudi kwa nguvu ileile lakini ukaja polepole, ulipokaribia ukaanguka chini ghafla. Lile jitu lilikuwa limeshazungusha rungu zamani, likajizungusha na lenyewe mpaka likapiga goti. Mpira ukalia ndani ya glavu ya A-Wei. Mimi nikapiga vigelegele vya kwetu Tukuyu, uwanja mzima wa Wachina ukageuka kunitazama, na sikujali.

Kocha Liang alikuja hadi jukwaani. Nikaogopa, nikasimama. Akaniambia alikuwa amemwuliza Sudi neno moja pale juu, kama swali. Baosong? Je, tumpe kituo cha bure? Naye Sudi akamjibu, "Bu yao." Sitaki. Hilo ndilo neno la kwanza kila mgeni analojifunza Zhanxi, la kuwafukuza wachuuzi wanaomvuta mkono.

"Miaka thelathini na tano nipo kwenye mchezo huu," kocha akasema, "sijawahi kujibiwa kama muuza soksi." Alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akasema Jumatatu saa tatu ofisini, kijana aje, na mimi nije naye.

Ilikuwa karatasi sita za mkataba, kwa Kichina kitupu. Nilianza na sentensi ya kwanza, na kila neno, hata yale niliyoyatumia sokoni kila siku ya Mungu, nikasimama nikamwuliza kocha hapa lina maana gani. Muda wa kazi. Matibabu ya mkono. Benchi mwaka wa kwanza. Likizo. Nyumba. Kocha alijibu, akajibu, akaagiza chai, akajibu. Karani akaondoka akarudi. Mjomba Kassim akasinzia kwenye kiti. Tulimaliza karatasi ya sita ikikaribia saa sita mchana, tukafika chini kabisa, penye mstari mtupu na herufi mbili pembeni yake. Qianming. Hizo nimeziona tangu mwaka wangu wa kwanza mjini hapa, kwenye kila karatasi iliyopita mikononi mwangu.

Sudi alikuwa ameshashika kalamu kwa ule mkono wake wa kulia. Nikaweka kiganja changu juu ya mstari. Nikamgeukia kocha, nikamwuliza herufi hizo mbili zina maana gani.

Hakucheka. Alisema maana yake ni kijana aandike jina lake hapo, na akishaliandika, yeye ni mrushaji wetu. Nikamtafsiria Sudi neno kwa neno, kisha nikaondoa mkono wangu.